Tundu Chini ya Tangi

Polisi wengi hulala chini siku ya mazoezi tu, tena kwa amri na kwa manung'uniko. Mpelelezi huyu asubuhi ile alikuwa amelala chali kwenye saruji ya uwanja wa nyuma wa kituo, kipande cha boksi mgongoni, uso wake shubiri moja chini ya tangi la mafuta lililopandishwa juu ya viti viwili. Kituoni walimwita Pua. Pua yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Jina alilipata kwa tabia yake ya kunusa kila kitu kabla ya kukigusa, hata chai aliyoimimina mwenyewe.

Tangi lilitoka kwenye gari la kale, la rangi ya maziwa, lenye taa za mviringo na bampa la chuma linalong'aa, gari ambalo likipita hata mwenye haraka husimama akaliangalia. Jumamosi jioni lilishika moto ndani ya banda lake. Majirani walilimwagia mchanga, wakalisukuma nje, wakaliokoa. Liliungua gurudumu moja na rangi ya upande wa nyuma, basi. Mwenye gari hakuwa na bahati hiyo. Yeye ni mshonaji wa nguo, na moto ulimshika mikono yote miwili.

Mdogo wake ndiye aliyekuwa mahabusu.

Huyo mdogo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na tangu ujana watu walimwita Cheche. Jina la nuksi kwa mtu anayetuhumiwa kuchoma gari. Mkuu wa kituo alilitamka kwa raha kila alipolitamka, utadhani jina ni ushahidi. Mengine aliyokuwa nayo Mkuu yalikuwa na uzito zaidi. Jirani alimwona Cheche siku ya Alhamisi akitambaa kutoka chini ya gari wakati kaka yake yuko dukani. Kwenye sanduku lake la vyombo kulikutwa bisibisi kuukuu iliyonolewa ikawa na ncha. Ndugu hao walikuwa hawasemezani tangu walipomzika baba yao, na ugomvi wenyewe ulikuwa gari hilohilo, maana lilikuwa la baba, na kaka mkubwa alilichukua akabadilisha kufuli la banda. Chini ya tangi kulikuwa na tundu. Na Cheche alipoulizwa, alijibu maneno matatu: "Ni mimi. Andikeni."

"Pafukapo moshi pana moto," Mkuu alisema, akiwa amesimama na sigara yake karibu na miguu ya Pua, "na hapa moto wenyewe tumeuona. Kesho asubuhi anapanda mahakamani. Wewe unatafuta nini huko chini, sarafu imekudondoka?"

Pua alimwomba kwanza aipeleke ile sigara mbali na tangi. Mkuu aliitazama, akalitazama tangi, akarudi nyuma hatua kubwa kuliko alivyokusudia.

"Natafuta sababu ya mtoboaji kusafisha kwanza," Pua alisema.

Tundu lilikuwa dogo, la kuingia njiti ya kiberiti. Kulizunguka pande zote bati lilikwaruzwa mpaka likang'aa, na mikwaruzo ililingana na ile bisibisi. Ndiyo iliyomfurahisha Mkuu. Lakini Pua alijiuliza swali la mtoto mdogo: mtu mwenye hasira na gari la kaka yake, aliyejificha chini yake mchana kweupe, anakwangua kutu ya nini? Angetoboa mara moja akakimbia.

Alichukua waya mwembamba, akaupinda ncha kama ndoana, akaupenyeza kwenye tundu, kisha akauvuta polepole kuja kwake. Bati linalotobolewa kutoka nje hukunja midomo kwa ndani, na ndoana ikipita hapo hunasa. Waya ulitoka laini. Aliugeuza upande wa pili, ukatoka vilevile. Akapapasa ukingo kwa ncha ya ukucha. Ulikuwa mwembamba kama ganda la kitunguu, umelika kutoka ndani. Gari la kale linalotembea mara mojamoja hukusanya maji kidogo kwenye sakafu ya tangi, na maji yale hukaa palepale yakilila bati taratibu mpaka siku yanapotokea upande wa pili. Tundu lile lilitobolewa na kutu, na lilianza siku nyingi kabla ya Alhamisi.

Kitu cha pili kilikuwa kwenye mshono wa tangi, kando ya tundu. Utando mweupe, mchafu, umejibana ndani ya ufa ambapo kitambaa hakifiki. Pua aliuchokoa kwa kibanzi, akaunusa. Ulinuka petroli, kama kila kitu pale, pamoja na nywele zake. Akaulowesha kwa mate, akausugua kati ya vidole viwili.

Ukatoa povu.

Alikaa kitako, akajipangusa mgongo, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akatabasamu. Mkuu alipomuuliza amepata nini, alimwambia amepata sabuni. Mkuu alisema hata nyumbani kwake ipo, na mkewe humwambia kila siku aitumie. Kisha akamkumbusha kuwa mahakama inafungua asubuhi.

*

Cheche alikuwa na mabega mapana, na nyusi zake zilibabuka zamani kwa kazi. Chakula alicholetewa kilikuwa pale benchini, hakikuguswa. Pua alipoketi mbele yake, Cheche ndiye aliyetangulia kuuliza.

"Mikono yake vipi?"

Pua alimjibu ukweli, kwamba daktari ana matumaini, ngozi itarudi, ila kwa sasa kaka yake hawezi hata kufunga kifungo cha shati lake. Cheche aliinamisha kichwa. Pua aliona kwamba tangu alipokamatwa mtu huyu hajauliza hata mara moja yeye mwenyewe atafungwa muda gani.

Akamuuliza kuhusu Alhamisi. Ni mimi. Akamuuliza kuhusu bisibisi. Ni mimi. Akamuuliza kama alikuwa na chuki na kaka yake, na hapo kidogo fundi alisita, akasema chuki hana, ana hasira, na hasira nayo imeshakwisha, sasa amebaki na aibu. Alisema tena waandike tu, aende, yaishe.

Pua aliweka mezani kile kibanzi chenye utando mweupe.

"Sabuni ya kufulia," alisema. "Nimeikuta kwenye mshono wa tangi."

Cheche aliinua macho haraka. "Shemeji hahusiki, afande."

"Mimi sijamtaja shemeji yako."

Fundi alifunga mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na likitoka halirudi. Pua alisimama, akamsogezea sahani ya chakula, akamwambia ale, maana jioni huenda akahitajika akiwa na nguvu. Cheche hakuelewa. Lakini alikula.

*

Nyumba ya Mshonaji ilikuwa na ua mdogo wenye bomba, kamba ya nguo, na banda la gari upande wa kushoto. Mke wake alikuwa akifua. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, na macho yake yalionyesha hapati usingizi. Alimkaribisha Pua kwa adabu zote, akafuta kiti kwa upande wa khanga, akauliza kama atakunywa chai. Pua alikubali. Mtu akienda jikoni, mgeni anapata nafasi ya kuangalia ua.

Kando ya beseni kulikuwa na mche wa sabuni. Mwisho mmoja ulikuwa umechakaa kwa kufulia, umekuwa mviringo kama sabuni zote duniani. Mwisho wa pili ulikuwa umemegwa kwa kidole gumba, na alama ya gumba ilibaki, pana mara mbili ya gumba la mwanamke yule.

Ndani ya banda bado kulinuka moto. Gari lilikuwa nje chini ya turubai, kwa hiyo sakafu ilikuwa wazi. Ililalia kidogo kuelekea mlangoni, na njia nyeusi ya moto ilifuata mteremko huo, kutoka pale tangi lilipokuwa hadi mlangoni. Vipande vya kioo cha taa ya mkono vilikuwa bado vimetapakaa. Ukutani ulining'inia mpira wa maji umekunjwa kwa unadhifu wa kushangaza, na pembeni yake vitambaa vya kufutia, vimepangwa kwa ukubwa. Pua alifunua turubai, akachungulia chini ya gari. Alishaona magari mengi kwa chini, na mengi yana tope la tangu enzi za mwenye gari wa kwanza. Hili lilikuwa safi mpaka kwenye ekseli. Mtu alilisugua tumbo.

Chai ilipokuja, Pua hakuzunguka.

"Mama, shemeji yako anapelekwa mahakamani kesho kwa sababu yako. Anakuficha. Mimi naona hukumtuma atoboe tangi. Ulimtuma alizibe."

Aliweka kikombe chini. Mwanamke aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akalia kwanza, halafu akasema yote.

Harufu ya petroli ilianza muda mrefu. Usiku ilipita dirishani, kichwa kikimuuma. Alimwambia mumewe gari linavuja, aitwe fundi, na fundi bora wa mabati mjini ni mdogo wake mwenyewe, yuko mitaa miwili tu. Mumewe alisema yule mkono wake hautagusa gari la baba. Akamwambia basi aitwe mwingine. Mumewe akasema mwingine ataliharibu. Ndivyo alivyokuwa, mwanamke alisema. Fundi anayemwamini hamtaki, na anayemtaka hamwamini. Basi Alhamisi, mume yuko dukani, akafungua banda akamwita shemeji yake.

Cheche alilala chini ya gari, akakwangua kutu, akaomba sabuni. Akamega kipande, akakikanda kwa vidole mpaka kikalainika, akakigandamiza kwenye tundu. Alimweleza kuwa petroli haiyeyushi sabuni, na mafundi wa njiani hufanya hivyo kila siku gari likivuja mbali na mji. Itashika. Ila si dawa, ni kiraka. Tangi lazima lishushwe lipigwe lehemu, na hilo halifanyiki kwa siri. Wakakubaliana kwamba mwanamke amlainishe mumewe polepole, na siku akilainika, fundi atakuja kwa mlango wa mbele.

"Ikashika?" Pua aliuliza.

"Harufu ilikatika siku ileile. Mume wangu alisema unaona, lilijirekebisha lenyewe, gari la baba lina heshima. Mimi nikanyamaza." Alijifuta macho. "Jumamosi jioni ikarudi, kali kuliko mwanzo. Akachukua taa akaingia bandani. Mimi nilikuwa hapa hapa. Afande, sabuni ilimwangusha shemeji, na mimi ndiye niliyempa. Tumemuunguza mtu pamoja. Nimwambie nini mume wangu?"

Pua aligeukia mlango wa banda. Alikuwa akiangalia mpira wa maji ukutani.

"Jumamosi asubuhi mumeo alifanya nini?"

"Jumamosi? Aliosha gari. Kila Jumamosi anaosha. Analiosha kuliko anavyojiosha mwenyewe."

"Na chini?"

"Analala kwenye gunia, anapiga maji mpaka kwenye uvungu wote. Baba yao alimfundisha hivyo. Alikuwa amewagawia kazi tangu wadogo: mkubwa kitambaa, mdogo spana."

Pua aliinuka. Aliomba aazimwe ule mche wa sabuni, na akamwomba mwanamke avae viatu, waende naye.

*

Uwanjani, Mkuu alikuta kopo tupu la maziwa likining'inia kwenye tawi kwa waya, ndoo ya mchanga kando, na mpelelezi wake akipiga msumari chini ya kopo. Aliuliza kama kituo kimegeuzwa karakana. Pua alimwomba akae upande wa upepo, na sigara aiache ofisini. Kisha aliomba Cheche aletwe.

Fundi alipomwona shemeji yake amesimama pale, alitaka kurudi ndani. Pua alimpa sabuni mkononi.

"Ziba hili kama ulivyoziba lile. Usiongeze ufundi wala usipunguze."

Cheche alikanda. Vidole vyake vilijua kazi hata kama mwenyewe hakutaka. Alikwangua kopo kuzunguka tundu, akagandamiza, akalainisha kingo. Pua akamimina petroli. Wote wakatazama chini ya kopo. Halikudondoka hata tone. Wakaleta viti. Chai ikaletwa, ikanywewa, ikaisha. Mkuu alisimulia kisa kirefu cha jamaa yake mmoja na trekta, na kisa kilipofika mwisho, kopo lilikuwa bado kavu. Akainama akagusa kwa kidole.

"Limeshika," alisema, bila kupenda.

"Limeshika," Pua alisema. "Kama lilivyoshika Alhamisi jioni, na Ijumaa mchana kutwa. Sasa, fundi, tazama."

Alichukua mpira wa maji, akaelekeza maji chini ya kopo, akasugua kwa kitambaa kidogo, kama mtu anayeosha chombo chake kwa mapenzi. Maji yaliyodondoka yaligeuka meupe. Sabuni ililainika, ikateleza, ikaning'inia, ikaanguka ndani ya mchanga. Na baada yake petroli, tone kwa tone, halafu mstari.

Cheche alilitazama lile donge la sabuni mchangani muda mrefu sana.

"Aliosha," alisema hatimaye. "Jumamosi. Kaka huosha Jumamosi." Kisha mabega yake yale mapana yakaanza kutikisika, na akalia mbele ya polisi bila kuficha uso. "Nilisahau, shemeji. Mimi ni mtu wa spana. Nilisahau kuwa yupo mtu wa maji."

Mkuu wa kituo alikuwa na kasoro zake, lakini hakuwa na roho ya jiwe. Aliangalia pembeni, akakohoa, akasema kwamba kwa hesabu yake hapo mhalifu ni kutu, na yeye hana mahali pa kuifungia kutu. Halafu, kwa kuwa hakuweza kujizuia, aliongeza kwamba ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune, na yeye jembe limemchosha. Ila alitaka neno la mwisho kutoka kwa mlalamikaji mwenyewe. Alisema kama Mshonaji ataendelea kudai tangi lilitobolewa, jalada litakwenda mahakamani kama lilivyo.

*

Hospitalini, Mshonaji alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mikono yake miwili imefungwa bandeji nene mpaka kwenye viwiko. Alianza kusema kabla Pua hajaketi. Alisema yeye hana ubaya na mtu, lakini aliyemtobolea tangi anamjua, wamelala kitanda kimoja utotoni. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, na yeye nguo anazijua.

Pua alimwacha amalize. Kisha alimuuliza jambo dogo tu, kuhusu harufu.

Mshonaji alisimulia bila wasiwasi. Ilikuwepo siku nyingi. Alhamisi ikakatika. Ijumaa aliingia bandani makusudi akavuta pumzi, hakuna kitu. Jumamosi jioni ikarudi kwa nguvu, akaingia na taa ya mkono, akainama, akaona sakafu inang'aa. Taa ilimponyoka, ikapasuka, moto ukalipuka. Mengine hataki kuyakumbuka.

"Na unasema alitoboa Alhamisi."

"Jirani alimwona."

"Kama alitoboa Alhamisi," Pua alisema, "mbona Alhamisi ndiyo siku tangi lilipoacha kuvuja?"

Fundi yeyote wa cherehani anajua jinsi inavyokuwa ukimaliza kushona, ukageuza nguo, ukakuta umeunga mkono wa kulia kwenye bega la kushoto. Uso wa Mshonaji ulikuwa hivyo. Pua alimweleza lililobaki kwa utaratibu, ndoana ya waya, povu, alama ya gumba kwenye mche, kopo la maziwa. Alimweleza pia Jumamosi asubuhi, gunia, mpira wa maji. Hakulainisha.

"Kwa hiyo nimejichoma mwenyewe," Mshonaji alisema.

"Hukujua. Hakuna aliyekwambia. Na nyumbani kwako hakuna aliyethubutu kukwambia, na hilo si la polisi, ni lako."

Mshonaji aligeuka dirishani. Aliuliza kama ni kweli mdogo wake alisema ni yeye, akaomba waandike. Pua alisema ni kweli. Akauliza kwa nini. Pua alisema aliamini kiraka chake kimemuunguza kaka yake, na aliona ni haki aozee ndani. Midomo ya Mshonaji ilicheza, akaiuma.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule, mkoba kifuani, hathubutu kuingia. Mumewe alimwona.

"Ingia," alisema. "Mbona unasimama mlangoni kama mgeni? Njoo unifute macho, mimi mikono sina."

Pua alitoka, akafunga mlango polepole. Usiku ule Cheche alilala nyumbani kwake mwenyewe.

*

Tangi lilirudishwa nyumbani na polisi, kwa kuwa lilikuwa kielelezo na sasa si kielelezo tena. Pua alilipeleka mwenyewe. Angeweza kumtuma mtu, lakini kazi yake humpa mara chache nafasi ya kuona kitu kikitengenezwa.

Cheche alikuja kwa mlango wa mbele, na mtungi wake wa gesi na kijiti cha lehemu. Mshonaji alikuwa ameshatoka hospitali, bandeji zimepungua, vidole bado havikunjiki. Wale ndugu walisalimiana kwa kichwa. Kusemezana ilikuwa kazi nyingine. Miaka ya kununa haiyeyuki kama sabuni.

"Shemeji, mwambie kaka asogee kidogo, kuna moto hapa."

"Mke wangu, mwambie fundi nimesogea."

Mwanamke alikuwa akizunguka kama barua, na Pua aliyekuwa ameegemea ukuta alikaza mdomo asicheke.

Cheche aliligeuza tangi kifudifudi, tundu likatazama juu, na mdomo wa kujazia akauinua kwa tofali. Alieleza, akimwangalia shemeji lakini kwa sauti ya kusikika na mwingine, kwamba tangi la petroli hata likianikwa wiki nzima, mvuke hujificha ndani ya kutu, na anayelipiga moto hivyohivyo anatafuta kifo. Dawa ni kulijaza maji ndani mpaka mvuke ufukuzwe, pabaki nafasi ya kidole tu chini ya tundu. Yakizidi, bati litapoa na lehemu haitashika. Kwa hiyo anahitaji mtu wa maji, mwenye mkono mzoefu.

Mshonaji aliusogelea ukuta, akautoa mpira kwa viwiko, akauweka kwapani, akasimama kando ya tangi, akaulenga mdomo wa kujazia akiwa ameubana kati ya mikono yake iliyofungwa. Mkewe akafungua bomba. Maji yakaingia. Cheche aliinama, sikio kwenye bati, akigonga kwa kucha na kusikiliza sauti inavyopanda.

"Shemeji, mwambie kaka akaribie kuacha... shemeji, mwambie..."

Maji yaliruka kupitia tundu yakampiga jichoni.

"Basi, kaka. Basi!"

Mshonaji aliukunja mpira kwa kiwiko. Maji yakakata. Cheche alibaki ameinama, maji yakimchuruzika kwenye nyusi zake zilizobabuka, na wote wanne walikuwa wamesikia alilosema.

"Ungesema mapema," Mshonaji alisema.

"Ungeuliza, kaka."

"Haya. Nauliza. Nimwage kiasi gani?"

Wakamwaga, wakajaza tena, safari hii mdogo akisema na kaka akifuata. Lehemu iliyeyuka, ikatambaa juu ya bati lililokwanguliwa, ikaziba pale sabuni ilipokuwa. Lilipopoa wakalikausha na kulifunga chini ya gari, Mshonaji akielekeza kwa kidevu bolti ipi ilizoea kukataa, Cheche akijibu kutoka chini kwamba anaijua, ndiye aliyeilegeza mara ya kwanza akiwa na miaka saba. Wakabishana. Baba yao aliifunga kwa mkono wa kushoto, hapana, wa kulia. Mke wa Mshonaji alisimama na birika, akiwasikiliza kama anayesikiliza redio.

Petroli iliwekwa. Walisubiri. Kisha kaka na mdogo wote wawili wakamgeukia Pua, na Pua akaelewa, akatandika boksi lake akalala chali kwenye saruji. Alivuta pumzi chini ya tangi. Akavuta tena. Alisikia harufu ya lehemu, ya mpira mpya wa gurudumu, na ya chai iliyokuwa ikimngoja.

"Hakuna kitu," alisema.

Cheche alianza kukusanya vyombo. Alikuwa ameshafika mlangoni mwa banda, pale penye kufuli jipya, kaka yake alipomwita.

"Njoo hapa. Ingiza mkono mfukoni mwangu. Huo wa kushoto. Mimi siwezi."

Cheche aliweka sanduku chini, akaingiza mkono kwa woga kidogo. Akatoa ufunguo.

"Wa nini?"

"Wa banda. Kachonge wako," Mshonaji alisema. "Halafu huu unirudishie, maana nakujua. Na Jumamosi uje mapema. Gari halijaoshwa, na mimi, kama unavyoona, sina mikono."